Ukurasa Aliokunja Mzee Kyalo

Asubuhi hiyo nilitoka Majengo nikiwa na mfuko mmoja wa nguo, na sikuwa na mahali pa kwenda. Nilipofika barabarani nikasimama. Upande mmoja ni Gikomba, upande wa pili ni Kariokor. Nilichagua Kariokor kwa sababu moja tu: karakana ya wachongaji ilikuwa upande wa Gikomba, na ndani yake alikuwamo mzee niliyekuwa namkimbia. Nilijua bila kuchungulia kwamba alikuwa amekalia kigogo chake, anachonga huku akipiga mluzi. Alikuwa ameuanza mluzi huo jana yake, Jumapili, na alfajiri alitoka nao nyumbani kama mtu aliyepata mjukuu.

Nyinyi vijana mnaokuja kwangu na miswada yenu huniuliza habari ya tuzo. Mnaiona ukutani, mnataka kujua nilijisikiaje siku ile. Huwa nawaambia nilifurahi, kisha nawamiminia chai. Si uongo, nilifurahi. Lakini kama mnataka kujua kazi hii nilijifunzia wapi, si kwenye ukumbi wa tuzo. Nilijifunza siku ya mfuko wa nguo, na mpaka leo nikiikumbuka masikio yangu hupata moto. Watu husema mwandishi hastaafu. Hawajui jinsi macho yanavyostaafu yenyewe. Mimi nimeacha kuandika, kwa hiyo sina tena wa kumpendeza. Kaeni niwaambie.

Sikusoma sana. Niliacha shule kidato cha pili, na hakuna aliyenifukuza. Kulikuwa na lori la makaa lililopita karibu na shule yetu, nami nilikuwa nimechoka kujiuliza linatoka wapi. Siku moja nikamwomba dereva anibebe. Niliona makaa yanakochomwa, nikaona na mji ulio mbele yake, na mwingine tena, na niliporudi dawati lilikuwa limenibana. Baada ya hapo nilikuwa taniboi wa lori, nikauza mitumba, nikafagia sinema, nikalinda ghala. Kila mahali nilikaa mpaka nikaelewa watu wa pale wanafanyaje kazi yao. Nikishaelewa, miguu inaanza kuniwasha.

Hivyo ndivyo nilivyojikuta katika karakana ya wachongaji, nikimtazama mzee mmoja akimtoa twiga ndani ya gogo. Nilisimama mpaka watu wakaenda kula. Kesho yake nikarudi, na kesho kutwa. Mwishowe akanirushia kipande cha msasa bila kuinua macho.

“Kama utasimama hapo,” akasema, “simama na kitu mkononi.”

Huyo ndiye Mzee Kyalo. Alikuwa Mkamba mwembamba mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake. Akanifanya mpiga msasa wake, na baadaye akanipa kona ya kulala sebuleni kwake, nyuma ya pazia. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili. Aliishi na mkewe, Mama Mutheu, na binti yao mkubwa, Mutheu, karani wa kupiga taipu katika ofisi moja mjini. Mzee mwenyewe hakujua kusoma. Tarakimu alizijua, herufi hapana. Aliponiona jioni nikiandika juu ya meza baada ya vyombo kuondolewa, akaanza kuniita Mwandiki, yaani mwandishi kwa lugha yao. Jina hilo likashika mtaa mzima kabla sijaandika chochote cha maana. Hata vijana waliokaa kwenye ukuta wa choo cha baraza la jiji waliniita hivyo: “Niaje, Mwandiki, leo umetuandika?”

Sasa sikilizeni jambo hili la karakana, maana kisa chote kimesimama juu yake. Ile karakana ilikuwa ya ushirika. Kila mchongaji alikuwa na namba yake, na kabla kinyago hakijapelekwa dukani alichonga namba hiyo chini ya nyayo za mnyama, ili kikiuzwa ofisi ijue ni cha nani. Namba ya Mzee Kyalo ilikuwa arobaini na saba. Lakini wanunuzi wa ng'ambo hawakupenda kumpindua simba wao wakakuta tarakimu. Kwa hiyo kinyago kikishauzwa, kabla ya kufungwa kwenye karatasi, namba ilifutwa. Aliyeifuta ni mpiga msasa. Mimi. Nilikaa miaka nikifuta arobaini na saba chini ya miguu ya twiga, nikapaka rangi ya viatu, nikasugua mpaka mahali pale pakang'aa kana kwamba hapajawahi kuguswa na mtu.

Mzee alikuwa ananitazama nikifanya hivyo. Hakulalamika, ndio utaratibu. Ila siku moja, tulipokuwa tunakula githeri chini ya mabati, akazungumza kama mtu anayejisemea.

“Twiga wangu wako Ujerumani. Wako Japani. Wamepanda ndege mimi sijapanda. Na hakuna hata mmoja anayeweza kusema amezaliwa na nani.” Akatafuna kidogo. “Wewe unaandika. Siku ukitoa kitabu, niweke humo. Hapo namba yangu usiipige msasa.”

“Nitakuweka, Mzee,” nikasema.

Hakuniomba kitu kingine tangu siku hiyo, na hakuna siku aliyosahau hicho alichoniomba. Akawaambia wachongaji wenzake. Akawaambia watu wa kanisani kwake. Mgeni akija nyumbani, ananionyesha nyuma ya pazia kama mtu anayeonyesha ng'ombe wa maziwa: huyu ananiandika.

Mengi ninayojua kuhusu kuandika niliyapata kwake, ingawa yeye alidhani ananifundisha kuchonga. Nilipojaribu twiga wangu wa kwanza, nilianza na macho. Nilikuwa na haraka ya kuona uso. Niliyatengeneza macho mazuri sana, yenye kope, halafu nikagundua kichwa chenyewe ni kikubwa mno na shingo haiwezi kukibeba. Mzee akaja, akachukua tezo yake, akakikata kichwa chote kikaanguka kwenye vumbi pamoja na kope zake. Akaniambia nikianza na macho nitaogopa kukata kichwa. Nimewaona wengi wenu na aya zenu za kwanza, mmezing'arisha mwaka mzima, kitabu kizima kinapindishwa ili aya hiyo isiguswe. Ikateni. Inaumiza, lakini si kama mnavyofikiri.

Jambo jingine ni makelele. Mnalia kwamba hamna utulivu. Mimi niliandika huku Mama Mutheu akiimba nyimbo za kwaya, jirani akichana mbao, na redio mbili zikipigana ukutani. Utulivu haukuja, ikabidi niandike. Nilitumia karatasi Mutheu alizoniletea ofisini kwao, zile zilizoharibika upande mmoja. Nilipomaliza kuandika kwa mkono, yeye akanipigia taipu wakati wa chakula cha mchana, ofisi ikiwa tupu. Siku hizi mnaandika kwenye simu na mnafuta kwa kidole. Wakati ule kufuta ukurasa kulimaanisha msichana fulani anakosa chakula chake mara ya pili, kwa hiyo unafikiria kabla.

Lakini nilifikiria nini? Hapo ndipo aibu yangu ilipo.

Kitabu kile hakikuwa cha Mzee Kyalo. Kilikuwa cha Jaji, mtu niliyemtunga. Sikuwahi kuingia nyumba ya jaji maishani mwangu. Nilimpa ghorofa na ngazi, nikampa mahali pa kuotea moto, mbwa mwenye jina la kizungu, na mke anayepiga kinanda akilia. Jaji wangu hakusema “nipe maji”. Alisema koo lake linahitaji kuburudishwa. Maneno hayo niliyachota kwenye kamusi na kwenye magazeti ya kufungia nyama. Mtu mmoja tu katika kitabu kizima alitoka Eastlands, mtunza bustani, nikamjaza Sheng hadi shingoni. Kitabu kilipotoka, wale vijana wa ukuta wa choo wakasomeana maneno yake wakaanguka kwa kicheko. Mmoja akaniambia kwa upole, “Mwandiki, buda, hizo ni za wakati wa mafathe wetu.” Nilikuwa nimeishi nao miaka yote hiyo na sikuwa nimewasikia.

Kwa nini Jaji? Kwa sababu niliona haya. Nilikuwa mtu wa nyuma ya pazia aliyeacha shule, na niliamini kitabu ni mali ya watu wenye ngazi nyumbani. Nilidhani nikimweka mzee anayepaka twiga rangi ya viatu, waliosoma watajua mara moja mimi ni nani. Mtu aliyenilisha ndiye niliyemwonea haya. Sikulisema hivyo wakati huo. Nilijiambia tu kwamba yeye atafaa kitabu kingine.

Mutheu aliliona. Alipokuwa anakaribia mwisho wa kupiga taipu, aliinua kichwa.

“Baba yuko ukurasa gani?”

“Yuko kwenye kitakachofuata.”

Akavuta kishikio cha mashine akaendelea na mstari mwingine. Hakuuliza tena, na hakumwambia babake.

Kitabu kikapata tuzo. Waliohukumu wakasifu ile nyumba ya Jaji. Ngazi zile zimenifuata mpaka uzeeni. Miaka mingi baadaye shule moja ilinialika kuzungumza na kidato cha nne, na kijana mmoja akauliza ngazi zinaashiria nini. Nikamwambia ni ngazi tu, nilitaka awe na ghorofa. Mwalimu akakohoa, akaeleza kwamba zinaashiria matabaka ya jamii. Yule kijana akaniangalia kwa huruma akasema, “Hapo ungepata sifuri, mzee.” Nilicheka pamoja nao. Nilipokuwa natoka, kicheko kilikuwa kimeshaisha.

Siku ya kupokea tuzo sikuwa na koti. Mzee Kyalo alinivisha lake la kanisani, la kijivu, mikono ikaishia juu kidogo ya vifundo vyangu. Mama Mutheu akalipiga pasi mara mbili. Nilisimama mbele ya watu wakubwa hotelini, nimevaa koti la mtu niliyemwacha nje ya kitabu, nikapigiwa makofi. Niliporudi, Mzee alikuwa amekaa mlangoni ananingoja. Hakuuliza nimepewa nini. Hakuuliza nani alikuwako.

“Nimo?” akasema.

Ningeweza kumwambia. Nimelifikiria jambo hilo kwa miaka, na sioni kitu kilichonizuia isipokuwa uso wake.

“Umo,” nikasema.

Basi akaita watu. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, sebule ile ilijaa mpaka pazia langu likaondolewa ili watu wakalie kitanda. Walikuja wachongaji wa benchi lake, walikuja watu wa kanisani, na Mzee Musau, mwinjilisti, mtu wa kusoma sana. Palikuwa na chapati na kuku. Mzee Kyalo akavaa lile koti. Wakati chai inamiminwa akasimama, akasema hana maneno mengi, kazi zake zote zimeondoka bila jina, lakini kuna moja imebaki. Akaniwekea kitabu mkononi.

“Mwandiki, wasomee mahali pangu.”

Nilikifungua katikati. Jaji alikuwa ameketi mbele ya moto wake na mgeni kutoka wizarani. Niliangalia maneno yale nikaona siwezi kuyatoa mdomoni. Nikainua macho. Nikamwona Mzee ameinamisha kichwa upande mmoja, anavyofanya anapousikiliza mti kwa kuugonga. Nikaanza kusoma kitu ambacho hakikuwapo.

Nilisema kuna mchongaji ambaye hunusa gogo kabla ya kulikata, na akilinusa hufumba jicho moja. Wachongaji wakacheka hapo hapo, mmoja akampiga Mzee begani: “Ni wewe kabisa, Kyalo, unanusa mti kama mbuzi.” Nikaendelea. Nilisema anavyozungumza na mti ulio na ufa, kwa sauti ya chini, kama mtu anayembembeleza mgonjwa. Nilisema jinsi mkewe anavyotoa vumbi la mbao kwenye nywele zake kabla hajala, kila siku, na hajawahi kuambiwa asante kwa sababu wote wawili wanadhani si kazi. Mama Mutheu akaweka birika chini, akashika kona ya leso. Nilisema mahali twiga wake walipo, kwenye madirisha ya watu wasiojua kuna Majengo. Nikakumbuka kugeuza ukurasa. Nilisoma hivyo mpaka chai zikapoa. Vijana, katika maisha yangu yote ya kuandika sijawahi kutoa maneno kama yale, na hayakuwa kwenye karatasi.

Mutheu alikuwa amesimama penye mlango wa chumba cha ndani. Kila neno la kitabu kile lilikuwa limepita kwenye vidole vyake. Hakutikisika.

Nilipofunga, watu wakapiga makofi ya kanisani, yale ya pamoja. Mzee Kyalo akaja akakifungua kitabu mahali kidole changu kilipokuwa. Akaikunja kona ya ukurasa kwa kidole gumba chake kipana, akaibana kwa ukucha.

“Ili mama anisomee tena,” akasema, akimaanisha Mutheu. “Na namba yangu?”

“Iko mwishoni.”

Mzee Musau akanyoosha mkono. Alitaka kukiazima akawasomee wanaume wa kanisa Alhamisi. Mutheu akavuka chumba, akakichukua mkononi mwa babake kwa adabu, akasema kitabu cha tuzo hakitembei, atakayetaka kusikia aje anywe chai. Wakacheka wakamsifu. Akakiweka kwenye kabati la vioo, katikati ya vikombe vya harusi, akalifunga kwa ufunguo.

Asubuhi yake Mzee alipokwisha kwenda kazini na mluzi wake, Mutheu alichelewa kutoka kwa makusudi. Alinikuta nakunja blanketi.

“Ulichosoma jana sikukipiga taipu mimi,” akasema.

Nikalikunja lile blanketi mara nyingine.

“Ukurasa aliokunja una Jaji anakunywa mvinyo na mtu wa wizara. Akiniambia nimsomee nitafanya nini, Mwandiki? Nitamwambia macho yananiuma. Nitamwambia ufunguo umepotea. Halafu Musau atakuja tena.” Sauti yake haikupanda. “Angesikia kwamba hayumo, angekusamehe, wewe unamjua. Ni hao wengine. Atakaaje nao benchi moja?”

“Nitamwambia mwenyewe.”

“Hapana. Ukimwambia utajisikia vizuri wewe. Nenda ukakiandike. Kile cha jana. Na usikiandikie hapa, maana hapa utakunywa chai.”

Ndipo nikachukua mfuko. Nilimwomba amwambie Mzee nimekwenda kutafuta mahali pa kuandika. Akasema atamwambia, na kwamba hilo angalau anaweza kulisema bila kuangalia chini.

Sasa mmejua kwa nini nilielekea Kariokor. Kamba ya kiatu changu cha akala ilikatika hata kabla sijaingia sokoni, nikaketi kwa fundi mmoja kwenye safu ya wakata matairi. Alikuwa Mkikuyu mchangamfu, misumari midomoni. Alinitazama mara mbili, akatema misumari kiganjani.

“Wewe si ndiye yule wa Mzee Kyalo? Alipita hapa wiki jana kutafuta ngozi ya kujalidia kitabu. Anasema umemtia ndani mzima mzima, na jina lake.”

Nikasema ndiyo, ni mimi.

“Umefanya vizuri sana, ndugu yangu. Sisi nani atatuandika?”

Akakataa malipo. Niliondoka pale na kiatu kizima na shingo iliyoinama, nikashika njia ya mashariki, kwa miguu, kwa sababu sikutaka kukaa karibu na mtu yeyote anayeweza kuniuliza jambo.

Barabara ya Jogoo ni ndefu ukiitembea na kitu kichwani. Nilikuwa nimepanga kuyakusanya yale maneno ya Jumapili njiani, niyashike kabla hayajatoroka. Nilianza na mchongaji anayenusa gogo. Hapo sawa. Kisha? Nilijua nilisema kitu kuhusu ufa, lakini maneno yenyewe yalikuwa yamekwenda. Nilisimama karibu na kituo cha basi nikasema kwa sauti, mama mmoja akahamisha mtoto wake upande wa pili. Yalikuja ya Jaji. Kila nilipofungua mdomo, mzee wangu aliongea kama mtu anayehitaji kuburudishwa koo. Kufika Buruburu nilikuwa nimebakiwa na jicho moja lililofumbwa na vumbi kwenye nywele.

Niwaambie sasa yaliyofuata, nisije nikasahau. Kitabu hicho kilinichukua miaka. Hakikupata tuzo, na duka moja la vitabu lilikiweka kwenye rafu ya ufundi wa mbao. Nilikipeleka Majengo mwenyewe, Jumapili, bila kuwaita watu. Nilikuta ngozi ya Kariokor imeshonwa kuwa jalada, inangoja. Kile cha Jaji kilikuwa bado kabatini. Mutheu alikuwa ameulinda ufunguo ule miaka yote, hata baada ya kuolewa alikuwa anakuja nao. Akamsomea babake kitabu kipya toka mwanzo. Mzee alikuwa amezeeka, haoni vizuri, lakini aliinamisha kichwa vilevile. Mutheu alipomaliza, Mzee alikipindua kitabu akaniuliza chini kuna nini. Nikachukua kidole chake nikakiweka kwenye ukurasa wa mwisho, chini ya mstari wa mwisho kabisa, mahali nilipomwomba mchapaji aweke tarakimu mbili peke yake.

“Arobaini na saba?”

“Arobaini na saba, Mzee.”

Akatikisa kichwa kukubali. Akanywa chai. Baadaye akasema polepole, kama mtu asiyetaka kumuumiza mwanafunzi wake:

“Hiki ni kizuri. Lakini kile ulichosoma siku ile kilikuwa kizuri zaidi.”

Mutheu akacheka mpaka akaweka kitabu chini. Mimi sikuweza. Mpaka leo sijui kama alikuwa amejua tangu siku ile, na sikuthubutu kumuuliza.

Turudi barabarani. Jua lilikuwa limeanza kuegemea magharibi nilipovuka barabara kubwa ya Outering nikaingia mtaa unaoitwa Tena. Sikuwahi kufika. Nyumba zilikuwa zimejipanga, zina mageti yenye rangi, na nyuma ya kila moja mtu ameongeza chumba cha kupangisha. Kwenye geti moja mama mmoja alikuwa anakata sukuma wiki kwa kisu kirefu, majani yamefungwa kama sigara kubwa kiganjani, vipande vinaanguka vyembamba bila yeye kuangalia. Nilisimama nikatazama. Ndiyo tabia yangu.

“Unanunua ama unahesabu?” akauliza.

Nikamwambia natafuta chumba. Akaniambia kipo, cha nyuma, alikuwa anakaa dereva aliyehamishiwa Nakuru. Jina lake lilikuwa Mama Njoki. Akanihoji pale pale bila kuacha kukata: niko peke yangu, nasali wapi, nakunywa, nina redio kubwa, nitaleta wageni wa aina gani. Nilijibu yote. Akanipeleka nyuma, bado anakata. Chumba kilikuwa na dirisha moja linaloangalia ukuta, meza iliyoachwa na dereva, na harufu ya mafuta ya taa. Nikagonga meza kwa kidole. Ilikuwa imara.

“Na kazi?” akauliza.

“Mimi ni mwandishi.”

Kisu kikasimama. “Wa magazeti? Sitaki askari hapa kwangu.”

“Wa vitabu, mama.”

“Umeandika kipi?”

Tuzo ilikuwa ndani ya mfuko, chini ya mashati, nimeifunga kwa fulana. Ningeitoa, angeniita mheshimiwa.

“Bado,” nikasema. “Bado sijaandika.”

Akanitazama kutoka kichwani mpaka kwenye akala zangu, mtu mzima mwenye mvi za kwanza.

“Na miaka yote hii ulikuwa unafanya nini?”

“Nilikuwa napiga msasa.”

Hiyo ilikuwa kazi anayoifahamu. Uso wake ukalegea, akafuta mkono kwenye aproni, akanipa ufunguo.